Ndege ya Mtwara: saa moja ya kuondoka au ya safari?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Naandika kutoka Mikindani. Wakala mmoja wa tiketi mjini Mtwara kabandika tangazo: "Dar–Mtwara kwa ndege, saa 1." Mama mkwe kalisoma, kasema ndege huondoka Dar saa moja. Mimi nasema huo ni muda wa safari. Nani kapatia? Na je, si bora wakala angeandika "lisaa limoja"?

JIBU: Marahaba. Kwa maana aliyoikusudia wakala, wewe ndiye uliyepatia. Lakini mama mkwe hana kosa: tangazo halina kitenzi, basi kila mtu analijazia chake.

Saa imo katika ngeli ya I-ZI: saa moja, saa mbili, saa nyingi. Jina ni hilo hilo kwa muda na kwa wakati, na ndiyo maana mitaani watu wamejitungia "lisaa limoja" na "masaa mawili". Mtu akikwambia kasubiri masaa mawili uwanjani, humuulizi kama ni asubuhi au usiku. Nawaelewa, na kwenye mazungumzo siwasahihishi. Kwenye tangazo nisingeyaandika, kwa sababu Kiswahili sanifu kina njia zake za kuondoa utata huo. "Safari ya saa moja", "mwendo wa saa moja", "huchukua saa moja": huo ni muda. "Huruka saa moja asubuhi": huo ni wakati. Tazama pia kinachofuata. Ndege iliyotua saa mbili kamili tunaijua ilitua lini. Iliyochelewa saa mbili nzima tunajua imetukalisha kiasi gani. Na "saa moja kasorobo" haiwi muda kabisa. Safari ya namna hiyo tungesema ya dakika arobaini na tano.

Tarakimu nayo imeongeza mkanganyiko. Saa za tiketi huhesabiwa kuanzia saa sita usiku: 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana. Aliyezoea tiketi akiona "saa 1" anaweza hata kudhani ni 01:00, yaani saa saba usiku.

Kama wakala anataka kuvutia abiria, aweke na umbali. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mtwara ni kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, ilhali barabara ya Kibiti, Nangurukuru na Mingoyo inazidi kilomita 550. Ila asije akaandika "kati ya Dar hadi Mtwara", kosa ninalokutana nalo kila siku. "Kati ya" hufuatwa na "na"; "hadi" ni mwenzake "kutoka".

Mwambie aandike hivi: "Dar es Salaam hadi Mtwara kwa ndege, safari ya takriban saa moja." Saa ya kuondoka aipe mstari wake, na asisahau kutaja kama ni asubuhi, mchana au usiku.