Mumeo Hajakukimbia, Umemfungia Mlango

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nipo Dar es Salaam. Nilijifungua mtoto njiti wa wiki 29, gramu 1,100, na hii ni wiki ya saba nipo naye wodini. Mume wangu ni dereva wa bajaji. Kila asubuhi analeta chupa ya uji, anaiacha kwa mlinzi, ananipigia kuuliza mtoto ana gramu ngapi, anaondoka. Siku ya kwanza alipoingia, mtoto aliacha kupumua akawa wa bluu, nesi akamkunakuna unyayo akarudi. Tangu hapo mume wangu anaishia getini. Mara moja tu alijikaza akaingia, akataka kumshika, nikamwambia asimletee mwanangu vijidudu vya barabarani. Akanuna, hajaingia tena. Mama mkwe ametoka Lushoto, anakaa kwangu na mwanangu mkubwa wa miaka 4. Ananiambia nikalale nyumbani usiku mmoja, yeye abaki na mtoto. Anasema watoto wa miezi saba huwa wanapona. Juzi kaja na uzi mweusi wa kumfunga mkononi. Naona wanataka kuninyang'anya mwanangu, na mume sioni kama anampenda. Silali, nasikia mashine zikilia hata nikiwa bafuni. Tukiruhusiwa, nirudi kwake au niende kwa mama yangu? — Mama Njiti*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kukamua maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na kusubiri mzani wa asubuhi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, si kazi ndogo. Mtoto wa gramu 1,100 kufika wiki ya saba, hongera ni yako na manesi wako.

Pole imeishia hapo. Sasa tuisome barua yako, maana umeandika mambo ambayo mwenyewe huyaoni.

Tuanze na uji. Unafika kila asubuhi, hujalalamika hata siku moja kwamba haukuja. Nani anaupika? Mumeo saa hizo anahangaika na bajaji. Ni yule mama wa Lushoto, anayeamka alfajiri kwenye mji asiouzoea, akoroge ulezi usifanye madonge, afunge chupa, kisha amgeukie mjukuu anayeamka akilia kwamba anamtaka mama yake. Vyaelea, mwanangu, vimeundwa. Na huyo mtoto wako mkubwa umemtaja mara moja tu katika barua nzima, tena ili nijue mama mkwe anakaa na nani.

Twende kwa mumeo. Unasema hana mapenzi. Mtu asiye na mapenzi hajui gramu! Huyu anaziuliza kila siku, wewe mwenyewe umeniandikia za siku ya kuzaliwa tu. Yule anaogopa. Aliingia mara ya kwanza kumwona mwanawe, mwanawe akabadilika rangi mbele ya macho yake. Wewe nesi alikueleza kwamba kichanga wa wiki hizo ubongo wake haujakomaa, kwa hiyo anasahau kupumua, anaguswa anakumbuka, na kadiri wiki zinavyosogea jambo hilo linapungua. Yeye nani alimweleza? Alitoka pale akiamini ameona kifo, labda hata akiamini yeye ndiye aliyekileta. Akakaa na hofu yake mpaka siku aliyojikaza akarudi, akanyoosha mkono. Ukampiga na vijidudu vya barabarani. Halafu unaniuliza kwa nini anaishia getini?

Vijidudu ni vya kweli, sikatai, na njiti hana kinga ya kutosha. Lakini dawa yake ni maji tiririka na sabuni mpaka kwenye viwiko, saa na pete zivuliwe, kucha zikatwe, shati safi, na mwenye mafua abaki nyumbani. Hayo ndiyo unayofanya wewe kila unapoingia, na baba anaweza kuyafanya vilevile. Hata simu yako unayoishika mchana kutwa ina vijidudu, si usukani wa bajaji peke yake.

Sasa hili sikiliza vizuri. Huko kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mnakoita kangaruu, kulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu inkubeta, zile mashine za kuwapa njiti joto, hazikutosha. Mwaka 2021 ulitoka utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, kwa watoto wa uzito kama wa kwako. Walioanza kubebwa mapema, bila kusubiri kwanza watengamae, vifo vyao vilipungua kwa robo. Na katika utafiti huo mama hakuachiwa peke yake, ndugu wa kumsaidia naye alimbeba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto abebwe jumla ya saa 8 hadi 24 kila siku. Niambie ni kifua gani kimoja kitakachofikisha saa hizo, kikaoge, kikakamue, kikale, na bado kisidondoke? Mkono mmoja haulei mwana. Kifua cha baba kina joto lilelile. Cha bibi pia.

Kwa hiyo mama mkwe anaposema nenda kalale, hakunyang'anyi mtoto, anakupokea zamu. Na ule msemo wake wa miezi saba, usiugombee. Wazee huamini wa miezi saba ana nafuu kuliko wa miezi nane, na si kweli, kila wiki tumboni ina faida yake, lakini yule mama hakuja kukufundisha udaktari. Alitafuta neno la kukupa moyo, akatoa alilolirithi.

Kwenye uzi mweusi nipo upande wako. Usifungwe. Mkono wa njiti ni mwembamba, uzi unakaza, unabeba uchafu, na mkononi hapo ndipo manesi wanatafuta mshipa. Wala mafuta ya kienyeji, wala dawa ya kulamba, tumbo la huyo mtoto linataka maziwa yako tu. Ila usimwambie wewe, mwambie nesi mkubwa wa wodi amweleze. Wazee wanamsikiliza mwenye sare.

Lakini nyinyi wa siku hizi mna tabia moja inanikera. Mwanamke akipata mtihani, anajifungia nao peke yake, mume anageuzwa wakala wa miamala. Tuma hela ya dawa, tuma ya nepi, tuma ya vocha. Akituma, "anajua kutuma hela tu." Asipotuma, "hajali." Akitaka kushika mtoto, hajui kushika. Akikaa mbali, hana mapenzi. Na wanaume nao wanaridhika, maana kutuma hela ni rahisi kuliko kukaa karibu na kilio. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, wazazi wa njiti waajiriwa wakafikiriwa likizo. Mwenye bajaji hajui sheria hiyo, anachojua jioni aletewe hesabu yake. Mumeo anafunga hesabu, anapitia getini, anarudi barabarani. Umewahi kumuuliza analala saa ngapi?

Fanya hivi. Muulize nesi wa zamu baba anaruhusiwa kumbeba saa ngapi. Kila wodi ina utaratibu wake, na ukiomba mwenyewe unasikilizwa. Mpigie mumeo, umwombe radhi kwa lile neno, bila maelezo marefu. Mwambie aje ameoga, shati la vifungo mbele. Mtoto avalishwe nepi, kofia na soksi, nesi amweke kifuani kwa baba, miguu imekunjwa kama chura, khanga izunguke. Wewe toka nje. Ukibaki utaanza kumsahihisha mkono.

Usiku wako wa kulala nyumbani utakuja baadaye, kwanza mama mkwe afundishwe mchana na manesi wamwone anaweza. Maziwa ya usiku usiyaruke hata ukiwa nyumbani, kamua kwa saa zako, yatapungua ukiyaacha. Na hizo mashine unazozisikia bafuni, pamoja na kukosa usingizi hata nafasi ikiwepo, mwambie daktari leo, si kesho. Huo si uchovu wa kawaida wa kuupuuza, na una tiba.

Kwa mama yako usiende. Siku ya kuruhusiwa mtoto atakuwa bado mdogo, pengine ananyweshwa kwa kikombe, bado anahitaji kubebwa kifuani na kurudishwa kliniki kupimwa uzito na macho. Saa nane usiku hakutakuwa na nesi wa zamu wa kumwita. Atakuwepo dereva wa bajaji na mama yake. Waanze kujifunza sasa, wakati manesi wapo karibu.