Wiski ya Ireland: anza na ya chungu

Wiki yangu ya pili nyuma ya kaunta ya baa moja jijini Dublin, mzee mmoja aliagiza wiski ya Redbreast. Nikajaza barafu kwenye glasi, nikamimina kipimo, nikamalizia na kola, kama nilivyokuwa nikiwahudumia watu Moshi. Mzee hakugomba. Alilipa, akainywa yote taratibu huku akinitazama, kisha akaagiza ya pili. "Hii usiiguse," akasema.

Siku hizi jamaa zangu wakipita uwanja wa ndege wa Dublin hunipigia simu kuuliza wabebe chupa gani. Jibu langu halibadiliki: tafuta lebo iliyoandikwa "Single Pot Still". Mimi naiita wiski ya chungu, na hapo nasema chombo, sisemi ladha. Wiski nyingine za Ireland zina ndugu zao Uskoti na Marekani. Hii ni ya kisiwa chao wenyewe.

Sisi tuliokulia kwenye mbege hatuhitaji kuelezwa kimea. Unaloweka ulezi, unauacha uote, unaukausha, unausaga. Wenzetu wa Ulaya hufanya hivyo kwa shayiri, na wiski ya "malt" hutokana na shayiri ya kimea tupu. Wiski ya chungu huchanganya kimea hicho na shayiri mbichi isiyooteshwa, kisha hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukapozwa uwe pombe kali, kwenye vyungu vikubwa vya shaba. Sheria ya Ireland inataka shayiri ya kimea na shayiri mbichi, kila moja ifike angalau asilimia 30, na nafaka nyingine zisizidi asilimia 5. Baada ya hapo ni miaka isiyopungua 3 ndani ya mapipa ya mbao, humohumo kisiwani.

Kwa nini shayiri mbichi? Kodi! Mwaka 1785 kimea kilitozwa kodi, na wenye viwanda wakaona bora wapunguze kimea, wajazie shayiri ambayo haikuota. Walikuwa wanaokoa hela, wakajikuta wametengeneza ladha. (Wasiotaka kulipa kabisa walipika gongo yao porini. Wanaiita poitín, maana yake chungu kidogo. Ilikuwa haramu tangu 1661 hadi ilipokuja kuruhusiwa kuuzwa mwaka 1997.)

Ladha yenyewe ni hivi. Ikigusa ulimi inateleza, nzito kidogo, kama ina mafuta. Ukishameza ndipo viungo vinapoamka: pilipili manga, tangawizi, karafuu kwa mbali. Wiski nyingi laini hazina huo mwamko, na ndiyo maana humkunjia uso kidogo mteja anayeniambia wiski ya Ireland sifa yake ni ulaini tu. Redbreast ya miaka 12 huongeza zabibu kavu na njugu, kwa sababu sehemu yake hulala kwenye mapipa yaliyokuwa na divai ya sheri kutoka Hispania. Green Spot ni nyepesi zaidi, ina tufaha la kijani na asali. Jina lake lilitokana na duka la divai la Mitchell hapa Dublin, ambalo lilijaza wiski kwenye mapipa yake na kuyapaka alama ya rangi kulingana na miaka ya kulala: buluu 7, kijani 10, njano 12, nyekundu 15. Ukiwa na hela ya chupa moja tu na hujawahi kuonja, nunua Green Spot. Redbreast isubiri ulimi wako uzoee.

Ladha hii ilikaribia kupotea, na Waairishi wenyewe walichangia. Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru, alisajili mwaka 1830 mtambo wa mnara unaokeneka bila kusimama, kwa bei nafuu. Wenye viwanda wakubwa wa Dublin wakaudharau. Kwao kinywaji chake hakikuwa wiski. Waskoti wakauchukua, wakachanganya kinywaji chake na wiski yao ya kimea, wakauza dunia nzima. Kisha vikaja vita vya uhuru, marufuku ya pombe Marekani kuanzia 1920 hadi 1933, na ugomvi wa biashara na Uingereza. Mwaka 1966 Jameson, Power na wenzao wa Cork wakaungana ili wasife, na 1975 wakahamia kiwanda kipya cha Midleton. Kisiwa kizima kikabaki na viwanda viwili, Midleton na Bushmills, hadi cha tatu, Cooley, kilipoanzishwa mwaka 1987. Leo vipo makumi.

Wiski nyingine za Ireland sitazisema vibaya. Jameson na Tullamore D.E.W. ni mchanganyiko, nyingi yake ikiwa wiski nyepesi ya mnara. Tia soda ya tangawizi, hakuna atakayekucheka, mimi mwenyewe hunywa hivyo. Bushmills ni nyumba ya kimea; ile 1608 kwenye chupa ni mwaka wa leseni iliyotolewa kwa eneo lile, kampuni yenyewe ilisajiliwa 1784. Na ukisikia kwamba wiski ya Ireland lazima ikenekwe mara tatu na haina moshi, mwonjeshe msemaji wiski ya Connemara. Hiyo hukenekwa mara mbili na inanuka moshi kama jiko la kuni.

Namna ya kuinywa: kipimo cha baa hapa ni mililita 35.5, kinatosha nusu saa. Tumia glasi yenye mdomo mwembamba, nusa huku umefungua kinywa kidogo, la sivyo pombe itakuchoma pua. Onja kavu kwanza. Kisha dondosha maji, matone mawili matatu, uonje tena. Rangi isikudanganye, sheria inaruhusu kutia karameli.

Na chupa uisimamishe. Nilizoea kuona divai ikilazwa, nikailaza Green Spot yangu ya kwanza juu ya kabati karibu mwaka mzima. Pombe kali hula koki. Nilipoifungua ikamong'onyokea ndani, na chupa yote nikainywa kwa kuipitisha kwenye chujio la chai.