Jibu: Kitoto cha sungura nyasini, Lang'ata

Dada, umeuliza kama umchukue kitoto cha sungura uliyemkuta nyasini: usimchukue. Ana manyoya, macho wazi, na mama hajaonekana tangu asubuhi? Ni kawaida. Sungura wa porini wa huku huzaliwa hivyo hivyo, na mama humwacha peke yake makusudi asiwavutie adui, kisha hurudi giza likiingia kumnyonyesha dakika chache tu. Fungia mbwa, na maziwa ya pakiti usimpe, yatamharisha.

Kuhusu swali lako la kwa nini watafiti huwapima uzito vitoto vya sungura: sungura wa Ulaya huzaliwa uchi, macho yakifumbuka siku ya 10 hivi. Ukijua kasi yao ya kukua, uzito wa kitoto unakukadiria alizaliwa lini. Hispania kujua sungura huzaliwa lini si mchezo, maana paka mwitu aitwaye linksi hula karibu sungura tupu, kwa hiyo chakula chake hutegemea uzazi wao.