Jua la Soroti halijui unatoka mlima gani

Msomaji mmoja wa Bukwo, huku kwetu milimani mashariki mwa Uganda, ameniuliza: "Kaka, mwezi ujao nakuja kukimbia Soroti. Lile jua nitaliwezaje?" Amegonga mlango wenyewe. Juzi nimemaliza nusu marathoni hukohuko, nikiwaacha nyuma vijana walioniita Mzee wa Kivuli. Kocha aliyenitoa kikosini eti naogopa jua alikuwa kando ya barabara. Aliniona vizuri.

Sisi wa Kapchorwa tumelelewa kwenye ubaridi, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tukadhani mapafu yanatosha. Misuli ikifanya kazi, kama robo tatu ya nishati inayotumika hugeuka joto, na njia kubwa ya kulitoa ni jasho. Tena jasho linalodondoka chini ni hasara tupu. Linalopoza ni lile linalokaukia kwenye ngozi. Ndiyo maana unyevu wa hewa wa Kampala, unaozuia jasho kukauka, hutesa hata siku isiyo na jua kali.

Machi 2017 pale Kololo, Kampala, mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei aliongoza mbio za nyika za dunia mbele ya watu wake, halafu mzunguko wa mwisho miguu ikamgomea, akamaliza wa 30. Kasi ile, na joto lile! Jirani yangu akasema karogwa. Mwaka 2019 alitwaa dhahabu ya dunia ya mita 10,000 Doha, Qatar, ndani ya uwanja uliopozwa. Nje, marathoni ya wanawake ilianza usiku wa manane na bado 28 kati ya 68 wakashindwa kumaliza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nenda mapema. Mimi nilihamia kwa binamu wiki mbili kabla, nikawa nakimbia taratibu mchana, kila siku, watu wa bodaboda wakinicheka. Mwili hujifunza: maji ya damu huongezeka, jasho huwahi kutoka na hupoteza chumvi kidogo kuliko mwanzo. Siku ya mbio jimwagie maji kichwani na shingoni. Anza polepole. Kunywa ukiwa na kiu, usijaze tumbo maji matupu. Yakizidi, chumvi ya damu hupungua na hilo huua. Na kiburi kiache mlimani, vijana. Nimesema: anza polepole!

Ukimwona mwenzako joto limemzidi, anayumba na kuongea ovyo, usidanganyike kwa kuwa bado anatoka jasho. Mtumbukize kwenye maji baridi papo hapo, kichwa kikiwa juu. Gari la hospitali lije likute ameshaanza kupoa.