Tauni ya Marseille: sheria ilikuwepo, sema mnada ulikuwa karibu

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi niko Lushoto, huku kwetu tauni siyo hadithi, kuanzia mwaka 1980 ilitusumbua miaka na miaka. Sasa kijana wangu kaniuliza, baba, zamani huko Ulaya kabla ya maabara na dawa serikali zilikuwa zinafanyaje tauni ikiingia, au watu walisubiri tu kufa? Nikakosa jibu. Na hili neno karantini limetoka wapi?
Baba Mdadisi, Lushoto

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Hawakusubiri tu, walihangaika sana.

Tuanze na neno. Mji wa Ragusa, ndo Dubrovnik ya leo huko Kroatia, mwaka 1377 walipitisha sheria kwamba anayetoka kwenye tauni asiingie mjini mpaka akae pembeni siku 30. Baadaye miji mingine ikafanya 40, na 40 kwa Kiitaliano ni quaranta, basi ndo karantini hiyo. Yaani ni arobaini tu kama ya mzazi wa kwetu anayekaa ndani na mtoto. Venice nao mwaka 1423 wakatenga kisiwa kizima kwa ajili ya wagonjwa wa tauni.

Na hapo hakuna aliyejua habari za kijidudu, kaja kukigundua daktari Yersin kule Hong Kong mwaka 1894. Wao waliamini ni hewa mbovu, wakawa wanawasha moto mitaani na kulowesha hela kwenye siki. London mwaka 1665 waliua mbwa na paka kwa maelfu, panya wakabaki wanatamba! Halafu nyumba ikipata mgonjwa mmoja inafungwa na wote waliomo, msalaba mwekundu mlangoni, mlinzi nje, wazima na wagonjwa humohumo. Mimi hii naiona ukatili, ila hawakuwa na pa kuwapeleka watu wote hao.

Sasa kisa ambacho ningependa umsimulie kijana ni cha Marseille, Ufaransa, mwaka 1720, kwa sababu hawa walikuwa na kila kitu, ofisi ya afya ya bandari, sehemu ya kutenga watu na mizigo, na utaratibu kuwa meli yenye tauni ikae mbali kule kisiwa cha Jarre. Mwezi Mei ikaingia meli inaitwa Grand-Saint-Antoine kutoka Shamu, imejaa marobota ya hariri na pamba, na njiani ilishazika watu baharini akiwemo daktari wa meli, hadi Livorno huko Italia walikataa isiingie. Hapo ilitakiwa iende Jarre moja kwa moja, hakuna mjadala. Tatizo mnada mkubwa wa Beaucaire ulikuwa Julai na mzigo ulitakiwa ufike, na diwani mkuu wa mji, Estelle, naye alikuwa na chake humo ndani. Marobota yakashushwa kwenye majengo ya karantini pale pale jirani na mji, abiria wakaachiwa baada ya wiki tatu hivi. Makuli waliofungua marobota wakaanza kufa. Julai madaktari wakasema hii ni tauni, wakuu wa mji wakang'ang'ana kuwa ni homa tu.

Kufika Agosti na Septemba maiti ziko barabarani, watu kama 1,000 kwa siku. Ofisa mmoja, Roze, alichukua wafungwa wa merikebu, yaani waliohukumiwa kupiga makasia, wakajifunga vitambaa vya siki usoni wakaenda kuondoa maiti zilizooza pale La Tourette, na wengi wa wafungwa hao hawakupona. Mji ulikuwa na watu kama 90,000, ukapoteza karibu nusu. Mahakama kuu ya mkoa ikatangaza anayetoka Marseille kwenda kwingine adhabu yake ni kifo, na mwaka 1721 ukajengwa ukuta wa mawe kilomita 27 milimani, na walinzi wake, kuzuia tauni isisonge, wakati yote hayo yangeepukwa kwa kuchelewesha mzigo mmoja.

Nahodha Chataud alitiwa ndani kwenye ngome ya If. Meli nayo ikachomwa moto Septemba hiyo ya 1720, na unajua waliipeleka wapi kuichoma? Jarre.