Bangi ya Jumamosi na bangi ya kulalia: kwa wadogo zangu mlioingia kazi za fedha Toronto

Vijana wetu wanaoajiriwa kwenye benki za uwekezaji hapa Toronto hunijia na maswali mengi: mshahara, bonasi, saa za kazi, mitihani ya CFA, ile ya cheti cha wachambuzi wa uwekezaji. Swali la bangi huja mwisho, mara nyingi kwa ujumbe wa usiku, na huulizwa kana kwamba ni suala la sheria tu. "Dada, si huku inaruhusiwa?" Inaruhusiwa. Kanada iliihalalisha nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018. Hapa Ontario ukishatimiza miaka 19 unaingia dukani, unaonyesha kitambulisho, unanunua, na unaruhusiwa kutembea na hadi gramu 30. Upande wa sheria umeishia hapo. Ninachotaka kuwaeleza ni jambo ambalo sheria hailigusi: unavuta saa ngapi, na unavuta kwa ajili ya nini.

Mimi natumia, kidogo, na sioni haya kusema. Jumamosi jioni, kama hakuna muamala unaotokota, yaani mteja anayenunua au kuuza kampuni, na simu ya kazi imenyamaza, nikiwa na watu ninaowaamini, chakula kipo na Jumapili yangu ni yangu. Kazi haijatetereka kwa sababu hiyo. Lakini nimekaa kwenye sekta hii muda wa kutosha kuona wenzangu, baadhi yao wakiwa na akili kunishinda, wakihama taratibu kutoka bangi ya Jumamosi kwenda bangi ya kulalia. Hapo ndipo nina hofu na ninyi.

Kuhama kwenyewe hutokea hivi. Mchambuzi wa mwaka wa kwanza anamaliza kazi saa nane usiku. Wasilisho la mteja limeshatumwa, mwili umechoka, ila kichwa bado kinakokotoa, na saa tatu asubuhi anatakiwa awe mezani. Anavuta msokoto mmoja kwenye balkoni na baada ya muda mfupi amelala. Siku za mwanzo inafanya kazi kweli, na ndiyo maana watu wenye akili hunasa. Lakini THC, kemikali ya bangi inayolevya, hupunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto, na mwili huizoea haraka, kiasi kwamba baada ya wiki kadhaa kipimo kile kile hakimlazi tena. Anaongeza. Akijaribu kuacha, usingizi unamkimbia, ndoto zinarudi kwa fujo, anatokwa jasho usiku, chakula hakishuki, na hasira zinakuwa karibu. Dalili hizi huanza siku moja au mbili baada ya kuacha, huwa kali zaidi wiki ya kwanza, na kwa watu wengi hupungua kufikia wiki ya pili au ya tatu, ingawa usingizi wenyewe unaweza kuchelewa kutengemaa.

Sasa niambieni, mtu wa miamala anazipata wapi wiki mbili za kulala vibaya na kufoka? Kuna mteja anayesubiri, kuna mkuu wa timu anayetuma marekebisho usiku wa manane. Kwa hiyo anasema ataacha muamala huu ukifungwa. Ukifungwa unakuja mwingine. Kinachomzuia ni ratiba, na ratiba ndiyo iliyomfikisha pale. Kazi nyingine humwachia mtu nafasi ya kuugua kidogo na kupona. Hii yetu haiachi, hasa miaka miwili ya mwanzo, na ndiyo maana nasema uamuzi ufanywe kabla: siku za kazi, hapana. Hata usiku mmoja uliokuwa mbaya kupita kiasi, hapana.

Nilikaa dawati la jirani na kijana mmoja hodari aliyefikia hatua hiyo. Ukimtazama hukuona kitu: suti safi, macho hayakuwa mekundu, alifika kwa wakati. Kilichobadilika kilikuwa kidogo mno. Mkuu wake akimpa mambo matatu kwa mpigo, badilisha kiwango cha punguzo, ongeza madeni ya pango, panga upya kampuni za kulinganisha, yeye alitekeleza mawili. Siku moja seli ya deni kwenye modeli yake ya Excel ilikuwa bado inavuta namba ya robo mwaka iliyopita, kabla kampuni haijakopa tena. Deni likaonekana dogo, thamani ya hisa ikapanda, na hakuna aliyegundua mpaka usiku wa kuamkia mkutano na bodi ya mteja. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa bangi peke yake, maana kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku nako kunaharibu kichwa. Lakini kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayokuwezesha kushika mambo matatu bila kuandika, ndiyo hasa THC huigusa. Na kazi yetu sisi wote wa chini ni kushika mambo matatu bila kuangusha moja.

Wengi hudhani peremende za bangi ni salama zaidi kwa kuwa hazina moshi. Kwa mapafu, ndiyo. Kwa kazi ya kesho, hapana. Chukueni pakiti mkononi mwisome: ile alama nyekundu ya pembe nane yenye jani na herufi THC, kisanduku cha njano cha onyo, na kiasi cha THC, ambacho kisheria hakizidi miligramu 10 kwa pakiti nzima. Moshi unausikia ndani ya dakika chache. Peremende hupitia tumboni na kwenye ini kwanza, kwa hiyo huchukua kati ya nusu saa na saa mbili, kisha inaweza kukaa nawe kwa muda wa hadi saa 12, na uzito unaobaki nyuma unaweza kudumu hadi saa 24. Ukiila saa nane usiku, inaweza kukufuata hadi saa nane mchana, ukiwa kwenye simu na mteja. Anayeanza asizidi miligramu mbili na nusu, na asiongeze ya pili kwa sababu tu ameona kimya. Kimya hicho hudanganya watu wazima.

Kuhusu mwajiri nitasema machache. Bangi kuwa halali hakumnyimi haki ya kudai uje kazini ukiwa timamu, na kwenye benki "kazini" mara nyingi ina maana ya muda wowote simu inapoita. Mwongozo wa maadili wa CFA nao unakataza ulevi wa saa za kazi unaoharibu uwezo wako wa kumhudumia mteja. Jingine ambalo vijana hawalifikirii ni ujumbe. Mazungumzo ya simu na kompyuta za kazi huhifadhiwa, na tangu benki ya Marekani ya JPMorgan ilipokubali kulipa dola milioni 200 Desemba 2021 kwa sababu wafanyakazi wake waliongea mambo ya kazi kwenye WhatsApp bila kuhifadhiwa, kampuni nyingi zimekaza. Utani wa bangi na mwenzako kwenye simu ya ofisi utasomwa siku moja na mtu wa uzingatiaji wa kanuni ambaye hakujui.

Na kama umeshajiona umenasa, usisubiri kosa litokee ndipo useme. Sheria ya haki za binadamu ya Ontario huuhesabu uraibu kuwa ulemavu, na mwajiri ana wajibu wa kukusaidia. Ila muda una uzito wake. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Elk Valley, ya mfanyakazi wa mgodi wa makaa kule Alberta aliyekuwa akitumia kokeini siku zake za mapumziko. Kampuni ilikuwa imewaambia wafanyakazi wajitokeze kabla ya ajali wasaidiwe. Hakujitokeza, ajali ikatokea, akafukuzwa, na mahakama haikumrudisha. Aliyejitokeza mapema anasimama mahali tofauti kabisa kisheria, na nawasihi mlikumbuke hilo.

Safari ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa watu wetu, kwa sababu wengi bado mna pasipoti za Kenya au Tanzania. Kuvuka mpaka wa Kanada na bangi ni kosa, kwenda au kurudi, hata nchi unayokwenda ikiwa imeihalalisha. New York iliiruhusu mwaka 2021, lakini afisa wa mpaka hufuata sheria ya serikali kuu ya Marekani, na ukaguzi wake unaukuta hapa hapa Toronto, uwanja wa ndege wa Pearson, kabla hujapanda ndege. Asiye raia wa Marekani akikiri tu kwamba amewahi kutumia, anaweza kuzuiwa kuingia, pengine kwa miaka mingi. Kumdanganya afisa nako ni kosa jingine. Kama kazi yako ina wateja wa Manhattan, lipa saa moja ya wakili wa uhamiaji mapema, kabla hujaulizwa. Na ukienda nyumbani, kagua mifuko yote ya begi la kompyuta. Kenya bado inatumia sheria yake ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, Tanzania ina ya mwaka 2015, na zote mbili hazijali kwamba ulinunua kwa risiti. Dubai na Doha, tunakopitia wengi wetu, ndiyo usiseme.

Mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua maradhi ya akili ya kusikia sauti au kuona visivyokuwepo, mimi nitamwambia aache kabisa, hasa kama hajafika miaka 25. Sina mjadala hapo.

Kwa wengine, jipimeni. Agosti miamala hupoa. Acheni mwezi mzima. Ukiona wiki ya kwanza imepita bila shida, sawa. Ukiona hulali, nenda kwa daktari wa familia, ambaye hapa Ontario humlipi mfukoni ukiwa na kadi ya afya, na mwambie kwa uwazi unatumia kiasi gani, saa ngapi, na kwamba unakitumia kulalia. Ombeni tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi, ile inayoitwa CBT-I, kabla ya kukubali vidonge. Bima za benki nyingi hulipia sehemu ya gharama za mwanasaikolojia, na CAMH, hospitali ya afya ya akili na uraibu pale Queen Street, wana huduma kwa yule ambaye bangi imeshamshinda. Fanyeni miadi hiyo kabla ya Septemba, maana kazi zikirudi hamtapata hata saa ya kukaa kwenye foleni.