Kafunga kufuli na maharagwe yangu yako jikoni: maswali yenu ya nyumba za kukodi

Haya jamani, mwezi huu barua ni nyingi mpaka sikujua nianze na ipi, na karibu zote ni mambo ya nyumba, kodi, dipoziti, paa, kufuli. Nimetoa tano. Majina nimeyaacha maana Mombasa ni ndogo, ukisema tu "yule mwenye ploti ya geti la bluu kule Mishomoroni" watu washamjua na mamake.

*Bi Mkubwa, asalam aleykum. Napanga chumba na choo huku Kisauni, kodi 4,500. Mume wangu kibarua kilisimama tukachelewa miezi miwili. Jumanne narudi kutoka sokoni nakuta kufuli jipya limetiwa juu ya langu. Ndani kuna yunifomu za watoto, na sufuria ya maharagwe niliyoyateleka alfajiri nikayaacha yapoe nije niyatie nazi. Keateka (msimamizi wa ploti) aniambia lipa ama utafute kwengine, ukichelewa twatoa mabati. Nimeenda kwa chifu ananiambia deni ni deni. Sasa huyu mtu ana haki ya kunifungia kweli?*
Mama wa watatu, Kisauni

Waaleykum salaam mwanangu. Hana. Na ntakwambia kwa nini, lakini kwanza tuelewane kitu kimoja usije ukanisoma nusu: deni unalo, na utalilipa. Hayo ni mambo mawili tofauti na hapo ndipo watu wengi wanapotea, mwenye nyumba anadhani kwa vile anadai basi yeye ndiye hakimu na ndiye askari, na mpangaji naye anadhani kwa vile kafungiwa kufuli basi deni limekufa. Yote mawili si kweli.

Nyinyi mlikubaliana kwa mdomo na unalipa kila mwezi, sindio? Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inakuhesabu wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi hata kama hakuna karatasi. Akitaka utoke anakupa notisi isiyopungua mwezi. Mwezi ukiisha na bado uko ndani, hapo anaenda kortini kuomba amri ya kukutoa. Kortini! Si kwa fundi wa kufuli, si kwa vijana wa maskani waje wapande juu ya nyumba. Na hiyo sheria hiyo yasema mpangaji akae kwa utulivu bila kusumbuliwa na aliyempangisha. Chifu anaweza kuwaketisha mkaongea, mkaandikiana, ni jambo zuri, lakini kumtoa mtu nyumbani au kulibariki kufuli si kazi yake.

Hii ya kutoa mabati naijua vizuri. Jirani yetu alitolewa mabati manne mwezi wa tano, na mvua za mwezi wa tano mnazijua, godoro lilikunywa maji likawa halibebeki na watu wanne. Yule mwenye nyumba alipofika mbele ya hakimu akaulizwa swali moja tu, amri ya korti iko wapi? Akabaki kukuna kichwa.

Fanya hivi leo, usingoje wiki iishe. Piga picha ya mlango na hayo makufuli yote mawili. Zile meseji za M-Pesa za kodi usizifute, na meseji za keateka akikutisha usizifute vilevile. Nenda kituo cha polisi ukaandikishe upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na wakikwambia "hii ni kesi ya madai" wewe waambie sawa, lakini niandikieni kuwa vitu vyangu vimefungiwa. Halafu tafuta msaada wa sheria wa bure, hapa Mombasa wapo Kituo cha Sheria na kuna huduma ya kitaifa ya msaada wa sheria, wao watakusaidia kuomba korti itoe amri ufunguliwe mlango wakati kesi ya deni ikiendelea.

Sasa, pa kwenda ni wapi? Kuna lile baraza la kodi za nyumba, watu wanaliita tribunali, liko chini ya sheria ya zamani inayolinda wapangaji wa nyumba za kodi ya chini. Shida yake ni kiwango: sheria imeandika 2,500 kwa mwezi na haijapandishwa, wakati leo kupata chumba cha 2,500 kisiwani ni bahati ya mtende. Kwa wale walio ndani ya kiwango hicho, mwenye nyumba kukukatia maji ama kukusumbua makusudi ili utoke ni kosa la jinai kabisa. Wewe wa 4,500 unaenda korti ya hakimu, au Mahakama ya Mazingira na Ardhi kama jambo ni zito. Mlango ni mwengine lakini haki ya kutofungiwa kiholela iko palepale.

Na deni: mwandikie karatasi, hata kwa mkono, "nadaiwa 9,000, nitalipa 3,000 kila mwezi juu ya kodi", tia tarehe, mpe nakala. Hakimu akiona mtu anayejaribu kulipa humtazama kwa jicho jengine. Mwenye nyumba anaweza pia kuleta dalali akamate vitu kwa ajili ya kodi, iko sheria inayomruhusu, lakini awe dalali mwenye leseni anayekuja na karatasi, anaorodhesha vitu na anakupa siku kabla ya kuuza. Makochi anaweza kuandika, TV anaweza. Kitanda cha kulalia, masufuria, nguo za kuvaa na vyombo vya kazi yako haviguswi. Kwa hivyo ile sufuria ya maharagwe hata dalali hana ruhusa nayo, seuze keateka.

*Nilihama Bamburi mwezi wa pili, nikawacha nyumba nimeifagia mpaka vumbi la dirishani. Dipoziti yangu 18,000. Agenti ananiambia yote imekwenda kwa rangi na mifereji ya maji iliyoota kutu. Nimekaa miaka minne. Naambiwa nisahau.*
Kijana wa Bamburi

Usisahau kitu. Dipoziti ni pesa yako imewekwa kwake tu, si zawadi ya kuhamia.

Kifungu cha 66 cha hiyo Sheria ya Ardhi kinamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini kinatoa nje uchakavu wa kawaida. Sasa hebu tuseme ukweli, huku pwani nyumba inachakaa yenyewe umekaa umejikunja mikono. Ukuta watoa chumvi, rangi yapasuka na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, maji ya kisima yana chumvi yakila mfereji wa bati mwaka mmoja tu umeota kutu. Miaka minne! Hiyo ni bahari, si wewe. Lakini kama ulipiga misumari kumi na mbili kwa ajili ya fremu, au mtoto alivunja sinki, hapo toa kwa roho safi, na yeye akuonyeshe risiti ya fundi iliyo na kiasi, si "yote imekwenda".

Mwandikie barua, mpe siku 14 (hizo ni zangu mimi, si za sheria, ni adabu tu). Asipojibu nenda Mahakama ya Madai Madogo, iko hapa Mombasa, inachukua madai mpaka milioni moja, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili na imewekewa siku 60 kumaliza kesi. Andika kuwa unadai pesa zako anazozishikilia, usiingie kwenye hadithi ya jinsi agenti alivyokutukana, hakimu ana foleni.

Na nyinyi mnaohamia nyumba mpya sasa hivi: siku ya kuchukua ufunguo washa simu, piga video ukutani kote, chooni, chini ya sinki, useme tarehe kwa sauti, halafu mtumie mwenye nyumba kwenye WhatsApp. Dakika tano. Huyu kijana angekuwa nayo barua yake isingefika hapa.

*Bi, kila siku nakuona unawatetea wapangaji. Mimi ni mjane, marehemu aliniachia nyumba tatu Tudor, ndiyo riziki yangu. Mmoja hajalipa miezi saba. Ana gari. Nikimgongea ananiambia "nenda kortini mama". Nimfanye nini?*
Mwenye nyumba, Tudor

Pole sana dada yangu, na ahsante kwa kunikosoa. Nenda kortini, si ndiko alikokwambia?

Mpangaji ana wajibu na wa kwanza ni kodi kwa wakati, hakuna ujanja hapo. Miezi saba na gari barabarani huo si umaskini ni dharau. Anza na notisi ya maandishi itaje deni lote na mwezi baada ya mwezi, impe muda wa kulipa, imwambie asipolipa upangaji umekwisha. Mpelekee mbele ya shahidi na upige picha akiipokea, akikataa iache mlangoni upige picha hivyohivyo. Wakati bado ni mpangaji wako unaweza kumtuma dalali wa leseni kwa ajili ya kodi, na huyo wa gari huwa analipa siku ileile dalali anapoanza kuandika namba ya gari. Akigoma na notisi imekwisha, fungua kesi uombe amri ya kumtoa pamoja na pesa zako.

Usimkatie stima. Najua vishawishi viko, mita iko kwako na tokeni wanunua wewe, lakini siku utakayoizima ndiyo siku kesi yako nzuri inageuka, yeye anakuwa mlalamishi na wewe mshtakiwa.

Jengine dada, na hili watu hawapendi nikilisema. Nyumba tatu za Tudor pengine zinapita 288,000 kwa mwaka, kwa hivyo unatakiwa kulipa ushuru wa kodi ya nyumba, tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya unachokusanya, na unapelekwa kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Ukisimama kortini na vitabu vyako, wakili wa upande wa pili atauliza. Kuwa tayari.

*Mimi fundi cherehani Mwembe Tayari, kibanda cha duka nalipa 8,000. Nimepigiwa simu juzi, kuanzia mwezi ujao 15,000 na nitoe gudwili (pesa ya ziada ya kuachiwa duka) ama nitoke. Hatuna mkataba wowote miaka sita.*
Fundi

Wewe fundi ndiye mwenye kinga kubwa kuliko wote hawa na hujui! Maduka yana sheria yake tangu 1965, na ukiwa huna mkataba wa maandishi, ama unao lakini hauzidi miaka mitano, basi wewe ni mpangaji anayelindwa. Kukupandishia kodi au kukutoa lazima akupe notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu ya kisheria. Simu si fomu. Meseji si fomu. Ikija hiyo fomu, umjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kuwa hukubali, na kabla ya tarehe ya notisi kufika upeleke shauri kwenye tribunali ya kodi za biashara, hapo mambo yanasimama mpaka isikilize. Ukinyamaza, umekubali, na hapo ndipo mafundi wengi wamepotezea maduka, barua imekaa droo ya nyuzi.

Kwa sasa endelea kulipa 8,000 yako kwa wakati. Akikataa kuipokea itume kwa M-Pesa kila tarehe, akirudisha, tunza meseji.

*Chumba nakodi Likoni kwa bibi mmoja, lakini nyumba ni bila ardhi. Sasa mwenye shamba amekuja na watoto wake wanasema kuanzia sasa kodi tuwape wao, bibi hana chake. Nimpe nani?*
Mpangaji, Likoni

Hili ni letu sisi wa Mombasa, ukimwelezea mtu wa bara hakuelewi, vipi nyumba iwe ya huyu na mchanga uwe wa yule. Bibi anaimiliki nyumba, analipia ardhi kodi ndogo kwa mwenye shamba, na wewe uko juu ya wote wawili.

Wewe ulikubaliana na bibi. Mlipe bibi. Ugomvi wa hao wawili ni wao mpaka korti iamue, au wakuletee barua moja waliyoitia sahihi wote wawili ikisema kodi ipelekwe wapi. Wakikugongea usiku kwa vitisho, waambie kwa upole walete karatasi, na anayekuja usimpe hata shilingi mia ya "kutuliza", maana ukimpa mara moja kesho atasema ulishamkubali kuwa ndiye mwenye nyumba wako. Na mwambie bibi, kwa heshima, akupe risiti kila mwezi, hata kikaratasi cha daftari la shule chenye tarehe na kidole gumba chake.